Maji Maangavu

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote wa Kituo kwamba, kuanzia tarehe ya tangazo hili, ni marufuku kuweka kikombe cha chai, kisahani, kijiko au chombo kingine chochote cha aina hiyo juu ya kingo za mabwawa, kwa kuwa vyombo hivyo vinaharibu mandhari na kumzuia mgeni kuuona uangavu wa maji. Atakayekaidi atachukuliwa hatua.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa maabara, kwenye mlango wa stoo na, kwa sababu ambayo hakuna aliyejisumbua kuiuliza, upande wa ndani wa mlango wa choo. Daktari wa samaki alilisoma akiwa na kikombe mkononi. Alikiingiza maabara, akakiweka kando ya hadubini, akaketi. Hakuona kosa lolote katika tangazo lile isipokuwa urefu wake.

Kituo kilikuwa kinazalisha vifaranga wa samaki wa maji baridi na kuwagawia wafugaji. Kabla ya Mkurugenzi wa sasa kufika, mabwawa yalikuwa na maji ya rangi ya chai, yaliyokolezwa na majani ya miti yaliyodondoka, yakazama, yakaoza kwa utaratibu wake. Mkurugenzi aliyaona siku ya kwanza akanyamaza, kimya cha mtu aliyetandikiwa shuka chafu ugenini. Miti ikakatwa. Mabwawa yakapunguzwa kina ili samaki waonekane, yakasakafiwa, yakapakwa rangi nyeupe na kufungiwa mashine ya kuchuja. Katika muda usiotosha kukuza hata mche mmoja, maji yakawa maangavu kiasi cha mtu kusimama ukingoni na kumwona samaki akipumua. Wageni wakaanza kuja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, samaki hawakutajwa.

Mlinzi wa mabwawa, mtu mnene mwenye ulimi mwepesi, ambaye tangu siku hizo aliitwa Kioo na kulipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake, ndiye aliyewatembeza wageni. Kila kundi aliliambia maneno yale yale: "Haya ndiyo maji, ndugu zangu. Humu hata ukidondosha uongo, utauona umelala chini."

Daktari naye alifurahi. Hakuhitaji tena kuwavua samaki ili awakague. Asubuhi alipita ukingoni mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu anayekagua kucha. Alikuwa mtu wa kuamini macho. Wenzake walimwita Bi Hadubini, na jina hilo halikumuudhi. Kwa maoni yake, nusu ya ujinga wa dunia ilitokana na watu kusema kabla ya kuona, na nusu ya pili ilitokana na watu kusema baada ya kuona mara moja tu.

Shida ilianza walipofanya majaribio ya safari. Vifaranga wa msimu ule walikuwa wakabidhiwe kwa vikundi vya wafugaji mbele ya Mgeni Rasmi, na Mkurugenzi hakutaka mtu ajifunzie kazi mbele ya kamera. Basi samaki kadhaa wakavuliwa, wakatiwa kwenye mifuko yenye maji na hewa, wakazungushwa mjini kwa lori, wakarudishwa bwawani. Wengine walichubuliwa na wavu, jambo la kawaida. Samaki aliyechubuka hupona kama mtoto aliyeanguka akicheza. Hawa hawakupona. Penye mchubuko paliota ukungu mweupe, laini kama pamba. Ukungu ule umo katika kila maji, na samaki mzima huishi nao maisha yake yote kama mtu anavyoishi na jirani mbaya: wanajuana, na hakuna anayevuka ua. Safari hii ua ulivukwa. Samaki wote waliochubuka walikufa.

Kioo alisema ni chakula. Chakula kilipobadilishwa, alisema ni mashine. Mashine ilipokutwa haina neno, alisema ni kijicho cha watu, kwamba maji mazuri namna ile hayawezi kukosa mahasidi, na kwamba yeye binafsi alikuwa na majina mawili ya kuanzia. Daktari alimshukuru, akaenda zake nyuma ya stoo.

Huko kulikuwa na bwawa ambalo saruji haikulifikia. Liliachwa chini ya mti mmoja mkubwa uliokoswa na shoka, nalo lilikuwa na maji ya rangi ile ile ya zamani. Wageni hawakupelekwa huko. Daktari alivua samaki wachache kwa wavu ule ule, akawachubua makusudi kidogo, akawarudisha. Baada ya siku chache aliwavua tena, kwa taabu, kwa kuwa hakuwa akiona kitu. Michubuko ilikuwa imefunga.

Ndipo alipochukua damu. Katika damu ya samaki, kama katika yetu, zimo seli nyeupe ambazo kazi yake mojawapo ni kumeza kila kilichoingia bila kubisha hodi. Njia ya kuzipima ni ya jikoni: unazitilia hamira, ile ile ya kuumulia unga, iliyochemshwa ikafa, kisha unaangalia chini ya hadubini ni ngapi zimekula. Seli za bwawa la nyuma zilikula kwa pupa. Kila moja ilikuwa imejaa vidonge vya hamira kama shavu la mtoto aliyeiba karanga. Seli za bwawa angavu zilikuwepo, za kutosha, zenye umbo zuri. Vidonge vya hamira vilikuwa kando yake, vingine vimezigusa kabisa. Hazikuvishughulikia.

Alirudia. Alishuku hadubini, akabadilisha lenzi. Alishuku hamira, akanunua nyingine dukani. Alijishuku mwenyewe, akamwomba mwenzake wa maabara ahesabu bila kumwambia damu ipi imetoka wapi. Jibu halikusogea.

Akapanga matangi matatu uani, yote yenye maji maangavu ya Kituo na samaki wa bwawa moja. Tangi la kwanza aliliacha wazi juani. La pili alilifunika kwa ubao. La tatu alilifunika kwa karatasi ya plastiki ya pekee, inayopitisha mwanga wote wa macho na kuzuia ile mionzi isiyoonekana, iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani, ambayo wataalamu huiita urujuanimno. Wiki zilipopita alipima. Samaki wa chini ya ubao walikuwa wameanza kupata nafuu. Wa chini ya plastiki, waliooga mwanga mchana kutwa, vilevile. Wale wa tangi la wazi walikuwa wakiogelea vizuri sana, wakila vizuri sana, na damu yao haikuwa na hamu ya kitu.

Daktari alikaa na matokeo yale muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuyaelewa. Samaki hana kope wala mwavuli. Katika maji ya kahawia, uchafu ule ule uliomtia Mkurugenzi aibu huinywa mionzi kabla haijamfikia. Katika maji ya kina, samaki huzama akajiokoa. Hapa maji yalichujwa mpaka yakawa hayana cha kuizuia mionzi, kina kiliondolewa, na sakafu nyeupe iliirudisha kutoka chini ile iliyomkosa samaki kutoka juu. Na hakuna kilichoonekana. Hakuna aliyebabuka wala aliyepauka. Asubuhi zote alizopita ukingoni mikono nyuma alikuwa akiwaona barabara, kila mmoja, na kuona kwake ndiko kulikomdanganya.

Mkurugenzi alimpokea kwa heshima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu nadhifu, na unadhifu ukizidi hufanya kazi ya ubaya bila mshahara. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu sambamba na ukingo wa meza.

"Samaki wanakufa, daktari?"

"Waliochubuliwa, ndiyo. Waliobaki hawafi."

"Wanaumwa?"

"Hapana."

"Basi wana nini?"

"Hawana ulinzi, mheshimiwa. Au wanao, umelala. Wakipelekwa kwenye maji mengine, wakakutana na chochote, hawatapigana."

"Kwa hiyo ni samaki wazima wanaoweza kuugua." Mkurugenzi alitafakari. "Hata mimi niko hivyo."

Akaongeza kwamba kanuni za Kituo zinamtambua samaki mzima kuwa ni yule asiyeonekana na ugonjwa, na kwamba kanuni hizo, kama daktari anakumbuka, ziliandikwa na daktari. Daktari alikumbuka. Mkurugenzi akaahidi kuita Kamati, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa zito na hakupenda kulibeba peke yake.

Kabla Kamati haijakaa, daktari alikwenda kwa dada yake.

Dada huyu, aliyemzidi miaka mingi na aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mpaka macho yalipoanza kumsaliti kwenye tundu la sindano. Ndipo alipojiunga na wafugaji wa samaki wa mtaa wao, wakamchagua mwenyekiti wa kikundi kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kuwanyamazisha wengine. Alimshika mdogo wake mkono langoni, hata kabla ya salamu kuisha, akampeleka uani. Chumba cha kushonea hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na bwawa.

Lilikuwa jembamba, la kina kifupi, limetandikwa plastiki nyeupe iliyonyooshwa bila kunyanzi, kama mtu aliyezoea vitambaa anavyojua kunyoosha. Maji yalikuwa maangavu mpaka chini. Mti uliokuwa pembeni ulikuwa umekatwa, kwa sababu, dada alieleza, ulikuwa unadondosha takataka.

"Siku ile nilipokuja kwenu nikayaona yale maji, nilisema basi, mimi na mdogo wangu maji yetu yatafanana. Unalionaje?"

"Safi sana," daktari alisema.

Aliletewa kiti, akaletewa chai. Dada alimweleza habari za kikundi: nani amemaliza kuchimba, nani anajifanya amemaliza, nani ameuliza kama samaki hufundishwa kuja wakiitwa. Wote walikuwa wanawangoja vifaranga wa Kituo, na wengi walikuwa hawajui kitu kuhusu samaki isipokuwa kwamba mdogo wake mwenyekiti ndiye anayewapima. Hilo liliwatosha. Daktari aliacha chai ipoe. Kisha akasema yote: damu, hamira, matangi, jua.

Dada alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, namna alivyokuwa akimsikiliza mteja mwenye maelezo mengi kuhusu gauni moja.

"Hiyo mionzi umeiona?"

"Haionekani, dada."

"Hata kwa hadubini yako?"

"Hata kwa hadubini."

Dada akacheka kidogo. "Bi Hadubini leo anaogopa asichokiona. Haya, dunia imekwisha." Kicheko kilipopita hakikuacha alama usoni. "Kituo kinasemaje?"

"Kituo kinasema samaki ni wazima."

"Kituoni anayesema hivyo ni nani?"

"Ni mimi. Mimi ndiye ninayepima, na kanuni ndivyo inavyotaka niseme."

"Na hapa uani anayesema si wazima ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi nisaidie, mdogo wangu," dada alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali. "Nikuamini wewe, au nikuamini wewe?"

Daktari aliendelea, kwa kuwa kunyamaza kungekuwa vibaya zaidi. Alimsihi wasiwapokee samaki msimu huu. Kama ni lazima wapokee, basi afunike nusu ya bwawa kwa chochote, atupie majani humo, ayaache maji yageuke rangi. Samaki wakipata kivuli wiki kadhaa kabla ugonjwa haujawakuta, huenda damu yao ikaamka.

"Nitupie takataka kwenye maji haya."

"Majani, dada."

"Niliyoyafagia. Mama angefufuka."

"Mama hakufuga samaki."

"Alitufuga sisi," dada alisema, akainuka kuviondoa vikombe.

Njiani kurudi daktari aligundua kwamba hakuwa na hasira. Angeipenda hasira; ingempa pa kushika. Maisha yake yote alikuwa amewakataa watu waliomjia na dhana. Wafugaji walipomwambia wanahisi kuna kitu bwawani, aliwaambia warudi watakapokuwa na samaki aliyekufa. Lilikuwa jibu la kitaalamu, na wengi walirudi naye kweli. Sasa alikuwa amebeba neno ambalo ushahidi wake kamili ungepatikana mahali pamoja tu, ndani ya plastiki nyeupe iliyonyooshwa bila kunyanzi, na ungepatikana baada ya kuwa hauna faida kwa mtu. Ikiwa ni lazima aseme kabla ya kuona, hakuwahi kujifunza sauti ya kusemea. Alijaribu kidogo peke yake barabarani. Ilitoka kama ya mtu anayeomba.

Kamati ilikutana katika ukumbi mdogo unaotazama mabwawa. Walikuwepo Mkurugenzi kitini pa mwenyekiti, Katibu, Mhasibu, Afisa Habari, Kioo kwa upande wa wafanyakazi, na dada kwa upande wa wafugaji, amevaa gauni alilojishonea zamani, macho yalipokuwa bado ni yake. Daktari aliingia kama mtaalamu mwalikwa. Mtaalamu mwalikwa, kwa utaratibu, huulizwa kila kitu na hana kura.

Aliomba jambo moja: makabidhiano yaahirishwe msimu mmoja, mabwawa yafunikwe, mashine izimwe, maji yaachwe yarudi rangi yake, kisha samaki wapimwe upya. Mhasibu alitaka kujua kama ana uhakika.

"Sina," daktari alisema. "Nimejaribu kwenye matangi, sijajaribu kwenye bwawa zima. Sijui wangapi watakufa, wala lini. Nasema hivyo hivyo. Msiwatoe."

Waliomjua kwa miaka mingi hawakuwahi kumsikia akisema sina na bado akaendelea kusema. Mkurugenzi alimshukuru kwa ukweli wake, hasa katika suala la kutokuwa na uhakika, akamwomba Katibu alinukuu hilo neno kwa neno.

Kioo aliulizwa maoni yake. Alisema samaki wakiwekwa gizani hudumaa, na kwamba kuyarudisha maji yale kwenye uchafu ni kama kumvua bibi harusi mlangoni. Alisema hayo akilitazama dirisha. Dakika chache kabla ya kikao alikuwa amemuuliza daktari, kwa sauti ya chini, kama yeye mwenyewe, anayeshinda juani kutwa kando ya mabwawa hayo, damu yake inaweza kupimwa kwa hamira. Daktari alimwambia aje wakati wowote.

Afisa Habari, ambaye mpaka hapo alikuwa akichora miraba, aliuliza swali lililopokelewa kama ufunguo: kwa kuwa tatizo, kama alivyoelewa, ni jua, je, siku ya makabidhiano jua litakuwepo? Daktari alianza kueleza kwamba jua lililofanya kazi ni la miezi iliyopita, kwamba limekwisha kuingia, limo ndani ya samaki sasa hivi. Mhasibu alikuwa ameshaanza kuzungumza juu ya turubai.

Mkurugenzi akamgeukia mwakilishi wa wafugaji. Akamuuliza, kwa adabu, kama wenzake wangependelea kungoja.

Dada alimtazama mdogo wake ng'ambo ya meza, kwa makini, kama anayemwona kwa mara ya kwanza bila hadubini mbele yake. Daktari alitikisa kichwa polepole. Ilikuwa ishara ya utotoni, ya kuonyana jikoni mbele ya watu wazima, na dada aliielewa. Ilionekana wazi kwamba aliielewa.

"Wenzangu wameacha kazi," dada alisema. "Mmoja ameuza ng'ombe, mwingine amefunga duka. Mimi chumba cha kushonea sina tena. Nikirudi nikawaambia wangoje, wataniuliza wangoje kitu gani, na mimi nitawaambia kitu kisichoonekana." Akaviweka viganja vyake mezani, akavinyoosha kama anayelainisha kitambaa. "Tutapokea. Tumeshabomoa."

Mikono ilinyooshwa. Wa dada ulipanda wa mwisho, ukaishia usawa wa bega. Nje, bwawani, vifaranga walikuwa wamekusanyika karibu na uso wa maji, wengi, wanene, wang'avu, kila mmoja na kivuli chake juu ya sakafu nyeupe. Mtu angeweza kuwahesabu akiwa amekaa kitini. Katibu alisafisha koo, akasimama, akasoma.

"Kamati, baada ya kuupokea na kuuthamini wasiwasi wa kitaalamu uliowasilishwa mbele yake, imeamua kama ifuatavyo: kwamba vifaranga wagawiwe kama ilivyopangwa, kwamba, kwa lengo la kuwakinga na jua, magari yatakayowabeba yafunikwe kwa turubai tangu yatakapotoka langoni mwa Kituo hadi yatakapofika kwa mfugaji, na kwamba turubai hilo liwe la rangi ya bluu."